Farasi wa Kwenye Karatasi

Wadau, nimepotea hapa kijiweni kwa wiki kadhaa, samahanini. Kazi za chumba cha habari mnazijua. Leo nimerudi na hasira, na kwa mara ya kwanza hasira zenyewe si za siasa wala za soka. Ni za injini za magari yetu haya madogo na uongo tunaodanganyana kuyahusu.

Nianze na kisa. Jumamosi moja tulikuwa tunapeleka barua ya posa Kisarawe. Mtoto wa mama mdogo kaona binti wa Kizaramo, kapenda, na sisi ndugu hatuna hiyana. Safari ilianzia Kibaha, Maili Moja, ninakoishi. Gari lilikuwa la rafiki yangu, mwandishi mwenzangu, aliyelinunua miezi miwili kabla. Cc 1000, linang'aa, viti bado vina nailoni. Jina la gari nalihifadhi, maana mtaona mbele kwamba kosa halikuwa la gari. Tulikuwa watu wazima 5: rafiki yangu kwenye usukani, mimi, mama mdogo, shangazi, na mshenga, ambaye ni mtu wa mwili, Mungu amzidishie. Nyuma kreti mbili za soda na mfuko wa khanga.

Kutoka Kibaha hadi Mbezi hakukuwa na neno. Ile barabara pana ya njia nane imenyooka, upepo mwanana, kiyoyozi kinapuliza, na rafiki yangu akaanza mahubiri. Watu wanadharau haka kagari, akasema. Kana farasi sabini na kitu! Sabini! Hebu fikirieni farasi sabini wamefungwa mbele yetu hapa. Mama mdogo akaguna kwa heshima. Tukakata Malamba Mawili, Kinyerezi, tukaibukia barabara ya Pugu, tukapita Gongo la Mboto, na hatimaye tukaanza kuipanda milima ya Pugu kuelekea Kisarawe. Waliosoma Pugu na Minaki wanaijua njia ile.

Hapo ndipo farasi walipoanza kushuka mmoja mmoja.

Mwendo 60. Mwendo 50. Mwendo 40. Rafiki yangu kakanyaga, lakini kwa woga, kama mtu anayekanyaga mkia wa mbwa asiyemjua. Injini ikawa inanguruma kwa sauti nzito, usukani unatetemeka, nyuma yetu bajaji inapiga honi. Bajaji! Kisha ikaja kirikuu, imesheheni matofali, kijana mmoja kakaa juu ya mzigo anakula muwa. Ikatupita. Yule kijana akatupungia mkono. Mama mdogo akauliza kwa upole kabisa, "Baba, hili gari lako linaumwa?"

Aliyetuokoa ni mshenga. Mzee yule kumbe aliwahi kuendesha malori miaka hiyo. Akasema kutoka kiti cha nyuma, bila hata kufungua macho: "Kijana, zima hicho kiyoyozi. Toa na hiyo ovadraivu. Halafu kanyaga mafuta, acha kumbembeleza." Rafiki yangu akabonyeza kile kitufe pembeni ya gia. Mshale wa mizunguko ukaruka, injini ikapiga kelele kama cherehani iliyopandwa na mashetani, na gari likapanda. Tukafika Kisarawe tumelowa jasho lakini tumefika.

Barua ilipokewa, hilo nalo mjue. Ila njia nzima nilikuwa najiuliza: wale farasi sabini walikuwa wapi?

Nimetafuta jibu kwa namba, nawaletea. Najua wengi wenu mlikimbia fizikia kidato cha pili, hata mimi, lakini vumilieni aya chache. Hapa ndipo penye utapeli.

Injini ina vitu viwili vinavyotangazwa. Cha kwanza ni nguvu ya msokoto, yaani injini inausokota ule mtaimbo wake wa ndani, krenki, kwa nguvu kiasi gani. Mafundi wetu wanaita mvuto, nami nitaita hivyo hivyo. Unapimwa kwa Nyutoni mita, kifupi Nm. Cha pili ndiyo hao farasi. Farasi si kitu kingine, ni mvuto ule ule ukizidishwa kwa idadi ya mizunguko. Chukua Nm, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 7024, unapata farasi kwa kipimo wanachotumia Wajapani.

Sasa tuchukue injini inayojulikana, 1KR-FE ya Toyota, pistoni 3, cc 996, ile iliyomo kwenye Passo na kwenye Vitz ya cc 1000 ya toleo la pili. Ni injini nzuri, nyepesi, haina makuu. Karatasi inasema farasi 71 na Nm 94. Lakini karatasi hiyo hiyo ina maandishi madogo ambayo hakuna muuza gari anayekusomea: farasi 71 wanapatikana kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, na Nm 94 kwenye mizunguko 3600. Nani kati yenu huendesha gari mshale ukiwa kwenye 6000? Mikono juu. Sioni.

Dereva wetu wa kawaida, rafiki yangu akiwa mwenyekiti wao, mshale ukifika 3000 anaona anaua injini. Anapanda mlima kwenye 2500. Haya, piga hesabu. Hata nikikuhongeni zile Nm 94 zote kwenye mizunguko 2500, wanakuja farasi 33. Thelathini na tatu, wadau. Na mlima nao una deni lake. Tuseme mlima unapanda mita 8 kwa kila mita 100, gari na watu na soda jumla kilo 1300, na unataka kwenda 60 kwa saa. Kuinua tu uzito huo kunataka farasi 23. Upepo na matairi wanadai 6 hivi. Giaboksi ya otomatiki inakula chake njiani, tuseme 5. Kiyoyozi nacho kinaweza kumeza 3 au 4. Jumla farasi 37 au 38. Unao 33. Ndiyo maana kirikuu ilitupita. Hakukuwa na mchawi.

Mshenga, bila kalamu, aliondoa deni la kiyoyozi na kuipandisha injini hadi mizunguko 4000 hivi, ambako injini ya aina hii hutoa farasi wapatao 50. Gari ni lile lile, mlima ni ule ule.

Nasikia mtu anasema, basi dawa ni kutafuta injini ndogo yenye teknolojia nzuri, ile ya cc 1000 inayovuta kama ya cc 1500. Huu ndio uongo mkubwa kuliko wote na ndio ulionifanya niandike. Hakuna kitu kama hicho, labda iwe na tabo. Injini isiyo na tabo inavuta pumzi kama wewe na mimi: hewa inaingia kwa msukumo wa anga peke yake, hakuna anayeipulizia. Hewa inayoingia ndiyo inayoamua petroli kiasi gani kinaweza kuungua, na petroli inayoungua ndiyo mvuto. Kwa hiyo kila lita ya ujazo inatoa mvuto unaokaribia kulingana, uwe na injini ya nani.

Mnabisha? Angalieni. 1KR-FE: Nm 94 kwa lita 1, yaani 94 kwa lita. 1NZ-FE ya cc 1496, ile ya IST na Probox za 1.5: Nm 141. Gawanya, 94 kwa lita. 3S-FE ya cc 1998, ile ya RAV4 za kwanza: Nm 181, ni 91 kwa lita. Hata kirikuu yetu ya cc 658 inayotumia injini ya K6A ina Nm 62 hivi, gawanya, 94 tena! Nilipofika hapo nilicheka peke yangu chumbani. Injini za viwanda tofauti na za vizazi tofauti zote zinazunguka pale pale, kama bei ya sukari kabla ya mfungo.

Wanachoweza kucheza nacho wahandisi ni mizunguko. Hapo ndipo farasi wanapozaliwa. Wale wazee wa Corolla watakumbuka injini za 4A za cc 1587. 4A-FE ya familia ilikuwa na farasi 115 na Nm 147. Ndugu yake 4A-GE ya valvu 20, yenye kifuniko cheusi, ujazo ule ule, ilikuwa na farasi 165. Farasi 50 zaidi! Lakini tazama mvuto: Nm 162. Nyongeza ni 15 tu. Farasi wengine wote wamepatikana kwa kuizungusha injini hadi 7800. Ukiziendesha hizo mbili kwenye foleni ya Ubungo, mshale kwenye 2000, ungetafuta tofauti kwa tochi.

Sasa kabla wapenzi wa dizeli hawajaanza kushangilia, nao wana yao. Hawa ndio wanaosema kila siku, farasi ni maneno, mvuto ndiyo mpango mzima, tazama Hiace. Ni kweli Hiace za zamani zenye injini ya 3L, dizeli isiyo na tabo, cc 2779, zilikuwa na farasi 91 tu, pungufu ya IST ya 1.5 yenye 109. Na vipanya hivyo vilibeba abiria hadi mlangoni, na konda ananing'inia. Siri yake ni kwamba Nm zake 188 zinapatikana chini kabisa, kwenye mizunguko 2400, pale pale dereva anapoishi. Hapo anao farasi 64 bila kelele. IST kwenye mizunguko hiyo hiyo haifiki hata 50.

Lakini kusema mvuto peke yake ndiyo mpango mzima ni kuingia shimo jingine. Mmewahi kuwaona wale jamaa wanaotoa mkaa Kisarawe kwa baiskeli, magunia matatu nyuma, wanasimama juu ya pedali kupanda? Mtu wa kilo 70 akisimama na uzito wake wote juu ya pedali yenye mkono wa sentimita 17, anatoa msokoto wa karibu Nm 117. Ndiyo, msomaji wangu. Anaizidi Passo. Muuza mkaa ana mvuto mkubwa kuliko injini ya cc 1000, na hakuna mahali nilipokosea hesabu. Ila anazungusha mara 30 kwa dakika, wakati injini inazungusha maelfu, kwa hiyo yeye hafikishi hata nusu farasi. Ndiyo maana anafika mjini usiku wa manane hoi bin taabani, na bado tunambania bei.

Kwa hiyo mvuto bila mizunguko ni jasho la bure, na farasi bila kujua mizunguko gani ni hadithi ya alfu lela ulela. Swali la mtu mzima ni moja: kwenye mizunguko ninayoitumia mimi kweli, na uzito ninaoubeba mimi kweli, ninacho nini?

Uzito! Hapa sasa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu na watu wa yadi. Naomba msome taratibu.

Unapokwenda kujaribu gari unakwenda mwenyewe, au wewe na dalali. Tambarare, mzunguko mmoja wa mtaa, dakika tano. Gari la cc 1000 lina kilo kama 900. Ongeza wewe, 970. Gawanya kwa Nm 94: kila Nm moja ina kilo 10.3 za kuburuta. Gari linaruka! Unatabasamu, unalipa. Wiki inayofuata unawapakia watu 5 na mizigo, kilo 1300, kila Nm sasa ina kilo karibu 14. Umenunua gari moja, unaendesha jingine.

Linganisha na wenzake wakiwa wamejaa. IST ya 1.5 ina kilo 1040 hivi, weka watu 5 na mizigo, 1440, gawanya kwa 141: kilo 10.2. Yaani IST iliyojaa ukoo ina wepesi ule ule wa kagari ka cc 1000 kalikombeba dereva peke yake. Noah ya zamani ya petroli, Nm 178, kilo kama 1460, pakia watu 8 wa harusi: 11.3. Noah iliyojaa shangwe na vigelegele inaburuta mzigo mdogo kwa kila Nm kuliko rafiki yangu na mshenga wake. Na ile Starlet ya 1.3 mnayoicheka, Nm 118 hivi kwenye gari la kilo mia nane na kitu, ikijaa watu inabaki 10 na ushee. Vyuma vya zamani vilikuwa vyepesi, basi. (Naam, vyepesi hata ukigongwa. Hilo ni la siku nyingine.)

Nisieleweke vibaya. Sina chuki na magari ya cc 1000. Kama unaishi Kimara, unafanya kazi Posta, uko peke yako au na mwenza wako, kanunue kesho asubuhi. Utaokoa mafuta na utapata pa kuegesha. Ninachokataa ni kuuziwa gari hilo kama gari la familia ya watu 6 wa Kibaha wenye shamba Kisarawe na msiba Morogoro kila mwezi.

Na tusiwasingizie watu wa yadi peke yao, serikali nayo ina mkono. Ushuru wa bidhaa kwenye magari yanayoingia umepangwa kwa cc: lisilozidi 1000 halilipi, kuanzia 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Injini zile zina cc 996 na 997, chini kidogo tu ya mstari. Hata Wajapani wanatoza kodi ya gari ya kila mwaka kwa ujazo, na mstari mmoja uko kwenye lita 1. Sasa mtu anasikia sifuri, masikio yanasimama. Hajiulizi kwamba gari lililozidi miaka 10 linabandikwa asilimia 30 ya uchakavu, na kwamba hiyo ndiyo inayommaliza, si ile 5. Akikwepa asilimia 5 kwa kupunguza cc, halafu akachukua gari kuukuu na kulipa 30, ameokota shilingi na kuangusha noti.

La kuchekesha zaidi ni wale wanaochagua 1.3 badala ya 1.5 kwa sababu ya ushuru. Jamani, zote ziko kwenye mstari mmoja, 1001 hadi 2000! Asilimia ni ile ile. Zamani kidogo kulikuwa na leseni ya barabara ya kila mwaka iliyotozwa kwa cc, lakini ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo unalipa kwa unachochoma. Woga wa cc tuliobaki nao ni wa mazoea, kama mtu anayeendelea kuinama mlangoni baada ya kuhamia nyumba yenye mlango mrefu.

Tena inaniuma zaidi sisi wa Kibaha. Hapa kwetu kuna Nyumbu, lile shirika la teknolojia ya magari la jeshi, ambako watu wa nchi hii waliunda lori lao wenyewe, miaka ya 1980, kwa michoro, chuma na akili zao. Leo watoto wa mji huo huo tunachagua gari kwa kuangalia rangi na taa za mbele. Kha!

Sasa niseme kwa nini sitaki mchukulie haya kama porojo za vijiweni.

Mama mdogo anaishi Mlandizi. Jioni ile, baada ya posa, tuliwashusha shangazi na mshenga Maili Moja tukaendelea kumpeleka yeye. Mkishaiacha ile barabara ya njia nane pale Kibaha mnarudi kwenye Morogoro Road ya kukutana uso kwa uso. Mbele yetu semitrela, inatembea 60, inatema moshi. Tulikuwa tumebaki watatu, ila mama mdogo kule Kisarawe alizawadiwa mihogo na nazi, na nyuma kumejaa tena. Ovadraivu imerudishwa, kiyoyozi kimewashwa. Rafiki yangu akachungulia, akaona peupe, akatoka.

Gari halikwenda.

Sijui nielezeje. Tulikuwa ubavuni mwa yale matairi, nayasikia yanavuma, na tunayapita moja moja, kama mtu anayehesabu pesa za mwisho wa mwezi. Mbele likatokea basi. Taa. Taa tena. Rafiki yangu akakanyaga mpaka chini, gia ikafikiri kidogo, injini ikapiga ile kelele ya cherehani, lakini muda ulikuwa umeshaliwa. Dereva wa semitrela ndiye aliyetuokoa. Alishika breki, tukachomeka mbele yake, na basi likapita na upepo wake ukalisukuma gari letu pembeni. Hakuna aliyesema neno mpaka Mlandizi. Mama mdogo alishuka, akachukua nazi zake, akasema "Ahsante, baba," akaingia ndani bila kugeuka.

Nimepiga hesabu ya tukio lile, ya makadirio, kwenye karatasi ya nyuma ya daftari langu la habari. Kulipita semitrela linalotembea 60 unahitaji kupata nafasi ya mita kama 50 juu yake. Gari la cc 1000 lililojaa, hata likikanyagwa vizuri, linataka sekunde 12 hivi. La cc 1500 lililojaa, 9. Ukiliacha kwenye ovadraivu na ukakanyaga kwa kubembeleza, la cc 1000 linakwenda 15 na zaidi. Katika sekunde 12 wewe unatembea mita 250, na basi la mwendo wa 80 linakuja kwako mita karibu 270. Unahitaji barabara tupu ya zaidi ya nusu kilomita. Kwa sekunde 9, mita 400. Hizo sekunde 3 hazikuandikwa kwenye tangazo lolote la gari. Kwenye tangazo kuna rimu za mchezo, kamera ya kurudi nyuma, na "cc 1000, haili mafuta".

Tatizo liko kwenye namba tunazoulizana. Jirani akinunua gari tunauliza cc ngapi na kwa bei gani. Hatuulizi Nm ngapi, kwenye mizunguko mingapi, kilo ngapi. Muuza gari haandiki kwa sababu hakuna anayeuliza, na hakuna anayeuliza kwa sababu haijaandikwa. Na dereva akishanunua, hakuna anayemwambia kwamba injini ndogo imetengenezwa izungushwe, kwamba mizunguko 4500 mlimani si dhambi, na kwamba kile kitufe cha ovadraivu si pambo. Nenda yadi yoyote na jamaa zako wanne. Ndiyo, wote wanne, na mmoja awe mnene. Washeni kiyoyozi. Mwambieni dalali mnataka kupanda mlima. Akikataa, mshapata jibu na hamjatoa hata senti.

Rafiki yangu ameshaliuza lile gari, kwa dada mmoja anayeishi peke yake Sinza, na nasikia anafurahia. Yeye anatafuta jingine. Harusi ya Kisarawe ni baada ya mfungo na tumeshapangiwa kubeba sahani. Juzi usiku kanitumia picha ya IST, kaandika, "Hii ndiyo yenyewe, mwanangu, farasi 109!"

Nikamjibu: farasi 109 kwenye mizunguko mingapi? Nm ngapi? Kilo ngapi?

Akakaa kimya kama dakika kumi. Kisha ujumbe ukaingia: "Ni nyeupe."